Uwanja Ulishinda, Dahir

Dahir, rafiki yangu,

Usishangae ukiona mistari hii imepinda. Mkono umekuwa mzito. Naandika asubuhi, kabla jua halijakolea, nimeegemezwa mito miwili, na karatasi nimeiweka juu ya lile daftari langu la mahudhurio la zamani. Figo zimechoka. Tabibu hakutaka kunieleza wazi, nikamwambia nimefundisha miaka thelathini na nne, najua uso wa mtu anayeficha matokeo ya mtihani. Akacheka. Halafu akaniambia.

Sijui kama barua ya Mkristo humfikia Mwislamu aliyelala upande wa kibla. Naiandika hata hivyo. Kuna jambo ambalo hukulisikia kutoka kinywani mwangu, na siwezi kufa nalo.

Siku ya mazishi yako nilisimama nje ya uzio wa miiba, kofia mkononi, Mutua wa posta amenishika kiwiko. Hakuna aliyeniita ndani, hakuna aliyenifukuza. Nilitaka kusema siku ile. Watu walikuwa wengi, na udongo ulikuwa unaingia upesi.

Nikuambie kwanza yaliyobadilika. Maji ya ile mvua kubwa yalipopungua, uwanja wetu wa chuo uliota majani mpaka kiunoni. Uwanja ule ule ambao wewe uliapa kwamba hata shetani hawezi kupanda nyasi juu yake! Mbuzi waliyamaliza kwa wiki mbili na njia yao ikarudi pale pale, kutoka kona ya choo hadi mbele ya lango la mashariki. Lango lenyewe lilichukuliwa na maji. Sasa tumesimamisha miti ya mkoma kutoka mtoni, na mmoja umepinda kidogo. Kibanda cha chai cha Habiba kina mabati mapya. Kreti yako ya soda bado iko. Watu huikalia, kisha mtu akisema "hiyo ni ya Dahir Dheere," huinuka kidogo, halafu hukaa tena.

Na Jumamosi hii, Dahir, ligi ya vyuo inafunguliwa, na mechi ya kwanza iko hapa kwetu. Wageni watavuka daraja Ijumaa.

Jana Mutua alinipeleka kibandani kwa mkokoteni wa punda, kwa sababu nilisema kama nitakaa ndani siku moja zaidi nitakufa kwa kuangalia ukuta. Nikawakuta wanabishana. Unajua wanabishana nini. Shukri mchinjaji alikuwa amesimama, kisu bado kiunoni, anasema, "Nyumbani hakuna kufungwa. Ukifungwa nyumbani, hiyo si nyumbani, hiyo ni hoteli!"

Mutua akamwambia, "Mwaka jana mlifungwa hapa hapa mabao mawili, mkasema ni upepo."

"Ile ilikuwa Ramadhani! Hiyo haihesabiwi. Wewe Mkamba, ulikuwa umekula chapati ngapi siku ile?"

Habiba akaweka birika chini, akawaangalia wote. "Nyinyi wanaume. Upepo nacheza, mchanga nacheza, mfungo nacheza. Sasa hao watoto kumi na moja wanafanya nini huko ndani?"

Watu wakacheka mpaka punda akageuka. Kisha Shukri akaninyooshea kidole. "Muulizeni Maalim. Alikuwa mbishi kuliko wote, na alinyamazishwa na uwanja ile siku ya Dahir Dheere. Sema, Maalim. Uwanja ulishinda ama haukushinda?"

Wote wakanitazama. Nikanywa chai ikiwa moto, nikaunguza ulimi, ili nisiweze kujibu.

Ndiyo maana naandika.

Wewe na mimi tulibishana hivyo miaka sita, na ukitafakari, ulikuwa ubishi wa ajabu. Ligi ilituandika kwenye orodha kama vyuo vingine, lakini timu za bara hazikukubali kuvuka daraja la Tana. Waliogopa njia, waliogopa majambazi, waliogopa ule msafara wa malori ya askari. Kwa hiyo mechi zetu za nyumbani tulichezea Mwingi, au mbali zaidi, ugenini kwa jina lingine. Tulifungwa kila mahali. Na kila jioni, pale kwa Habiba, mimi mwalimu wa michezo na wewe mfanyabiashara wa ngamia tulibishana juu ya faida ya uwanja ambao hakuna mgeni aliyewahi kuukanyaga.

Nitayaandika maneno yako ulivyoyatamka. Nikiyasahihisha, hutakuwa wewe. "Maalim," ulikuwa ukisema, "wewe najua kitabu, lakini hujui mchanga. Mbira habigwi na mguu. Mbira nabigwa na uwanja." Nami nikijibu kwamba mpira ni wa duara kila mahali, lango ni la upana ule ule Garissa na Nairobi, na wachezaji ni kumi na mmoja kwa kumi na mmoja. Ukinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha ukimgeukia Mutua: "Huyu mtu amekaa hapa miaka ishirini, bado nafikiri jua ni taa."

Sijawahi kubishana na mtu kwa raha kama ile. Mke wangu alipofariki na watoto wakarudi Taita, ubishi wako ndio uliokuwa ukinitoa nyumbani.

Halafu Mutua akaja na ile barua. Alikuja mbio, mtu mnene vile, akaitikisa hewani tangu kwenye lango la chuo. Chuo kimoja cha bara, cha kule kwenye baridi, kimekubali kuja. Mechi ya kufungua msimu, uwanjani kwetu. Kwa mara ya kwanza.

Wewe hukupiga kelele. Nilitegemea upige kelele. Ulimaliza chai, ukaenda zako. Alasiri nikakuona uwanjani, peke yako, mtu mzima mwenye ngamia wake na heshima yake, umeinama unaokota miiba. Kutoka lango hadi lango. Ulikuwa umeiweka kwenye ncha ya shuka lako. Nikakufuata nikakutania: "Iache, Dahir! Watu wetu wameizoea. Hiyo ndiyo faida ya nyumbani."

Ulinyooka. Sikuwahi kuzoea urefu wako, uliokupa jina la Dheere. Ukasema, "Hapana, Maalim. Mchanga ni uwanja. Jua ni uwanja. Ubebo pia ni uwanja. Miiba si uwanja. Miiba ni uadui."

Ukainama tena. Nami nikaondoka nikicheka. Maneno yale yamenirudia zaidi ya Zaburi yoyote.

Wageni walifika Ijumaa alasiri, mabasi katikati ya malori ya askari, wamefunikwa vumbi mpaka kope. Tuliwalaza katika darasa la useremala, magodoro kwenye sakafu iliyofagiliwa mara tatu. Walipopumzika wakatoka kunyoosha miguu uwanjani, nami nikasimama pembeni na filimbi yangu, nikawatazama.

Dahir, walikuwa wazuri. Nisikufiche. Namba nane wao alikuwa kijana mrefu, akipokea mpira kwa kifua unakaa kama paka. Walipasiana mara kumi na tano bila mpira kupotea. Nikawaza vijana wetu. Nikawaza miaka sita. Mwisho wa muhula ule nilikuwa nastaafu, na sikuwa nimewahi, hata mara moja, kurudi chuoni na ushindi. Nilijiona nimesimama mbele ya mji mzima, siku uliyoingojea, tunafungwa matano nyumbani.

Hofu ile ilinikuta pale pale. Sikuwahi kukwambia ilikuwa kubwa kiasi gani.

Nikaja kwako baada ya sala yako ya magharibi. Ulikuwa unakunja mkeka. Nikakwambia, kwa sauti ya mtu anayeleta heri, kwamba wageni wametoka mbali, na ingefaa asubuhi wapewe maziwa ya ngamia kama mnavyowapa wageni wenu. "Mabichi," nikasema. "Moja kwa moja kutoka kwenye vibuyu. Wape mpaka washibe. Wasije wakasema Garissa hawakukirimiwa."

Ulinitazama. Ulikaa ukinitazama muda ambao mtu angeweza kuvaa kiatu na kufunga kamba. Kisha ukasema, "Sawa, Maalim. Mgeni wako ni mgeni wangu."

Sasa ngoja niseme waziwazi, maana hii ndiyo barua yenyewe. Nilijua. Wiki yangu ya kwanza Garissa, kabla hatujajuana vizuri, ulinipa bakuli la maziwa ya ngamia kwa heshima, nami kwa heshima nikalimaliza. Tumbo la mtu wa milimani halikuyajua. Siku tatu nilikuwa mtu wa chooni. Siku ya pili ukanibeba kwenye lori lako kama mbuzi mgonjwa hadi zahanati, ukakaa nami, ukaona aibu kwa niaba ya ngamia wako. Urafiki wetu ulianzia hapo. Na mimi nikaichukua siku ile, siku iliyonipa rafiki, nikaigeuza kuwa silaha. Ukarimu wako, jina lako, vibuyu vya mkeo alivyovifukiza moshi kwa mkono wake, nikavigeuza miiba. Wewe uliinama alasiri nzima ukiiokota. Mimi nikaipanda upya.

Nilijiambia umesahau zahanati. Uongo mwingine. Mtu hasahau kitu kama kile.

Asubuhi niliwaona, wewe na mkeo Halima, mnaingia lango la chuo na vyombo. Sikuwasogelea. Nikachukua ndoo ya majivu nikaenda kuchora mistari ya uwanja, na kutoka kule nikasikia wageni wakicheka darasani, na sauti yako ikiwa juu ya zote. Nilichora mstari wa kati mara mbili.

Mechi unaijua, lakini acha niikumbuke mara moja na wewe, kwa sababu katika maisha yangu sijaona kitu kama kile.

Watu, Dahir. Walitoka wapi? Lori lilitoka Masalani limejaa mpaka juu ya kabini. Wachungaji walisimama kwa mguu mmoja, wameegemea fimbo, ng'ombe wao wameachwa nyuma ya mabweni. Upande wa kusini wanawake walikaa chini, shuka na mitandio ya kila rangi, nikadhani ni bustani, mimi niliyekaa miaka ishirini nikiamini hapa hapaoti maua. Masheikh walikuja. Mapadri walikuja. Mkuu wa polisi akakosa kiti. Mji ambao kila mtu alikuwa na ukoo wake na mtaa wake na neno lake juu ya mwenzake ulisimama ukizunguka mstari mmoja wa majivu, na hakuna aliyeukanyaga. Nilikuwa nimesahau kwamba dini yangu ina neno kwa hali kama ile: ushirika.

Kipindi cha kwanza walitutesa. Mara mbili waligonga mwamba. Kipa wetu alimaliza nusu ya kwanza ameketi.

Kipindi cha pili kikaanza. Jua lilikuwa limeshuka kiasi cha kuwapiga usoni. Nikaanza kuona nilichokiogopa na nilichokitaka. Beki wao mmoja akainama, mikono magotini. Mwingine akaketi kabisa. Kisha yule namba nane, yule mrefu, akashika tumbo, akamwonyesha refa ishara, akatoka uwanjani akiyumba kuelekea nyuma ya malori. Nikajua ni maziwa. Nikajua ni mimi. Watu elfu wakashangilia kijana akitoka, nami filimbi iliniponyoka mkononi.

Halafu upepo. Ule wa saa kumi na moja kasoro, uliouhubiri miaka sita. Ukainua vumbi na kulielekeza langoni kwao. Beki wetu akapiga mpira mrefu, wa kubahatisha tu, ukapanda juu ya vumbi mpaka hatukuuona, ukashuka mbele ya lango la mashariki. Kipa wao akatoka vizuri. Alifanya kila kitu sawasawa. Alisubiri udunde. Lakini ulianguka kwenye njia ya mbuzi, pale kwenye mchanga laini, na haukudunda. Ulikaa. Ukakaa kama kitu kilichofika nyumbani. Kipa akapita juu yake, mikono imekumbatia hewa. Na Barre, kijana wetu wa Banissa aliyefanya mazoezi pale kila siku, hakukimbia hata kidogo. Alikuwa amesimama anaungoja. Akausukuma kwa upande wa mguu.

Kwanza kulikuwa kimya. Unakumbuka kimya kile? Niliwasikia ng'ombe nyuma ya mabweni. Kisha ardhi ikapiga kelele.

Ukaja ukikata uwanja, kikoi umekishika kwa mkono mmoja, umri wako umeuacha pembeni, ukanishika mabega. "Uwanja, Maalim! Wallahi, uwanja!" Machozi yalikuwa yamechora mistari kwenye vumbi la uso wako. Nami nikakuangalia machoni nikasema, "Umeshinda, Dahir. Ni uwanja."

Na moyoni nikasema: ni maziwa.

Wageni waliondoka na msafara wa Jumapili. Nahodha wao alinipa mkono, akasema watarudi. Nikadhani ni adabu tu. Sikuthubutu kumtazama yule namba nane.

Miaka iliyofuata ndiyo unayoijua vibaya. Kila ulipoisimulia mechi ile, na uliisimulia hata kwa madereva wa malori ya Mandera waliotaka tu kununua sigara, mimi nilitazama kikombe. Nikaanza kuchelewa kwa Habiba. Kisha nikaanza kukosa. Siku moja ukaja mwenyewe hadi mlangoni kwangu, ukasimama nje, hukutaka kuketi. "Maalim, mimi nimekukosea nini? Mbona siku hizi hubishani na mimi?"

Nikasema ni miguu. Nikasema ni uzee. Ulitikisa kichwa, ukaondoka polepole, na nilikutazama mgongo mpaka ukakunja kona. Ningekuita. Ningekuita tu.

Homa iliyofuata mvua ilikuchukua kwa siku nne. Nilikuja siku ya pili. Nilikuwa nimejipanga maneno njiani, kwenye matope, neno kwa neno. Ulikuwa hujui nani ameingia.

Wiki iliyopita Halima alikuja kuniona. Alisikia nimerudishwa kutoka hospitali. Alikuja na chupa ya chai, akaketi kwenye kile kiti cha kamba, akanimiminia, na harufu ya iliki na tangawizi ikajaa chumba. Sijui kilichonipata. Nilimwangalia mkono wake unaomimina na nikaanza kusema. Nilimwambia yote. Hofu, magharibi ile, maziwa mabichi, namba nane. Nilimwambia nililitumia jina la mume wake kuwadhuru wageni wake, na kwamba alikufa akijivunia ushindi wa wizi. Nikamwambia kama anataka kumwaga chai ile na kuondoka, nitaelewa.

Halima aliweka kikombe chini. Akanitazama kwa muda, kama ulivyonitazama wewe.

"Maalim," akasema. "Ile ilikuwa chai."

Sikuelewa.

"Ile asubuhi. Hawakukunywa maziwa. Walikunywa chai."

Akanieleza. Kwamba nilipotoka kwako jioni ile uliingia ndani ukamwambia, "Halima, Maalim anaogoba." Kwamba ulimwambia achemshe yote, kila kibuyu, yachemke mara mbili, na majani na sukari na iliki, na apike mikate ya anjera ya kutosha. Alikuuliza kwa nini, kwa sababu kuchemsha maziwa ya wageni ni kama kuwanyima. Ukamwambia, "Watoto hawa tumbo yao haijui. Hakuna mgeni atashika tumbo katika nyumba yangu." Na asubuhi uliketi nao darasani kuanzia kikombe cha kwanza hadi cha mwisho, ukawachekesha, ili mtu mwingine yeyote asije na bakuli.

"Na namba nane?" nikauliza. "Yule aliyetoka?"

"Yule mrefu? Jua ilimpiga. Nilimlaza kwenye kivuli ya lori, nikamfunga kitambaa ya maji kichwani. Alikuwa nataka kurudi kucheza, nikamkalisha kwa nguvu. Mpaka leo yeye natuma salamu, kila timu ya kwao ikija."

Jua, Dahir. Jua lilimpiga. Jua ni uwanja.

Nikamwuliza kwa nini hukuniambia. Nilidhani atasema ulisubiri nikiri. Halima akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayemkumbuka mume wake. "Nilimwambia akuambie. Akasema, akijua mimi najua, hatakuja tena kunywa chai na mimi."

Tangu siku ile sijalala sawasawa, lakini si kwa maumivu. Ni kama mtu aliyekaa katika nyumba miaka mingi na siku moja akafunguliwa dirisha asilojua lipo. Kila kitu nakiona upya. Ulipoyakimbilia mabega yangu na kusema "Wallahi, uwanja," hukuwa unajivuna. Ulikuwa unanipa habari. Ulikuwa unaniambia, kwa njia pekee isiyoniaibisha, kwamba sikufanya kitu, kwamba niko huru, kwamba hatukuhitaji miiba. Uliapa kwa Mungu ili niamini. Na mimi nikasimama pale na dhambi ambayo ulikuwa umeshaichemsha ikawa chai.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Nililihesabu jana kibandani, ulimi ukiwa umeungua. Timu saba zimevuka daraja tangu siku ile. Wale wa kwanza walirudi kwao wakasema Garissa kuna jua la kuua na chai ya kufufua, na wengine wakaja. Kama wangerudi wanaugua, kama nilivyotaka, nani angekuja tena? Barre angekuwa anacheza Mwingi mpaka leo. Wanawake wale wasingeketi tena upande wa kusini. Nilitaka uwanja wetu ushinde, na ningeuzika siku hiyo hiyo. Uliwasha moto wa kuni, ukatia iliki, ukauokoa. Ukakaa na siri hiyo ukiwa umekosa rafiki wa kubishana naye, na ukaniacha niitwe mwalimu.

Nilifundisha maisha yangu yote. Sikujua kwamba katika mji huu mimi ndiye niliyekuwa darasani.

Kwa hiyo nisikilize. Naomba radhi, Dahir. Ulijua, ndiyo, lakini hukusikia. Sasa nimesema. Nilikukosea wewe, na wageni wako, na maziwa ya Halima. Na nilikukosea zaidi miaka ile niliyokunyima ubishi.

Jumamosi nitakwenda. Tabibu amekataa, na Mutua ameshaandaa mkokoteni na godoro. Halima amekubali kuchemsha chai ya wageni kama siku ile, na mikono yangu ikinitii, kikombe cha kwanza nitampa nahodha wao mimi mwenyewe. Kisha, kabla ya kipenga, nitawaambia wale wa kibandani yote niliyokuandikia hapa, Shukri na Habiba na yeyote mwenye masikio. Watajua nani aliokota miiba na nani aliipanda. Wakikataa kuniita Maalim baada ya hapo, ni haki yao.

Na wakiisha kunitazama, wakiuliza tena lile swali lao, nitaketi kwenye kreti yako na nitawajibu. Nitasema uwanja unashinda. Mutua ataleta yale mambo yangu ya zamani, mpira ni wa duara, lango ni upana ule ule. Nitamsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha nitamgeukia Shukri nimwambie, huyu mtu bado nafikiri jua ni taa.

Mungu akurehemu, Dahir Dheere. Pumzika. Mimi nakuja nyuma yako, polepole, na nikifika usinipe maziwa. Nipe chai, tubishane.

Rafiki yako,
Maalim